Kiasi cha kujilipia katika bima ya mbwa na paka: kwa nini namba moja huzaa malipo tofauti

Watu wawili wanaweza kuwa na mbwa waliougua ugonjwa mmoja na kutibiwa kwa gharama ileile, mikataba yao ya bima ikitaja kiasi kilekile cha kujilipia, na bado mmoja wao akarudishiwa fedha nyingi kuliko mwenzake bila ya yeyote kudhulumiwa. Tofauti hiyo hutokana na mambo matatu ambayo namba iliyoandikwa kwenye mkataba haiyasemi: kiasi hicho hutozwa kwa kila nini, hutolewa katika hatua ipi ya hesabu, na huhesabiwa katika gharama zipi. Anayelinganisha mikataba kwa kuitazama namba hiyo peke yake analinganisha vitu ambavyo huenda havifanani kabisa.

Kiasi cha kujilipia ni sehemu ya gharama za matibabu ambayo mwenye mnyama huibeba mwenyewe kabla ya kampuni ya bima kuanza kutoa fedha zake. Hakipaswi kuchanganywa na ada ya bima, ambayo hulipwa kila mwezi au kila mwaka mnyama awe mzima au mgonjwa. Wala si sawa na asilimia ya kuchangia, yaani fungu la gharama linalobaki kwa mwenye mnyama hata baada ya kiasi cha kujilipia kwisha. Mkataba wa kawaida huwa na vyote vitatu, na juu yake huwekwa ukomo wa fidia ambao kampuni haiuvuki. Katika mifano inayofuata nitatumia tarakimu bila kutaja sarafu, kwa kuwa hesabu haibadiliki kwa kubadilisha fedha, na nitachukulia kwamba kiasi cha kujilipia ni 200 na kwamba kampuni hulipa asilimia 80, isipokuwa pale nitakaposema vinginevyo.

Wengi hukiona kiasi hiki kuwa ujanja wa kampuni wa kukwepa kulipa. Sikubaliani nao. Kila dai hukaguliwa na mtu, hulinganishwa na rekodi za daktari na kuandikiwa uamuzi, na kazi hiyo ina gharama yake hata kama kinachodaiwa ni bei ya dawa ya matone tu. Gharama hiyo hurudi kwa wateja kupitia ada. Mchumi wa Marekani Kenneth Arrow, katika uchambuzi wake wa mwaka 1963 kuhusu bima ya matibabu ya binadamu, alionyesha kwamba iwapo kampuni hutoza ada inayozidi wastani wa fidia inayotarajia kulipa, mkataba unaomfaa zaidi mtu anayeogopa hasara ni ule unaomwachia kiasi fulani cha mwanzo na kumlipia kinachozidi hapo. Hoja hiyo inawahusu mbwa na paka vilevile. Kukatia bima gharama ndogo ambazo mtu angeweza kuzilipa bila kuyumba ni kununua kwa bei ya juu fedha ambazo tayari anazo. Kazi ya bima ni kumwokoa na ankara ya upasuaji.

Tuanze na hatua za hesabu, kwa kuwa ndizo rahisi kuonyesha na ndizo zinazosahaulika zaidi. Ankara ni 1,000. Kampuni ya kwanza huondoa kiasi cha kujilipia kwanza, zikabaki 800, kisha hulipa asilimia 80 ya hizo, yaani 640. Kampuni ya pili huanza na asilimia: asilimia 80 ya 1,000 ni 800, kisha huondoa 200, na malipo yakawa 600. Namba zote katika mikataba hiyo miwili ni zilezile, lakini mteja wa kampuni ya pili amepungukiwa na 40. Pengo hilo halitegemei ukubwa wa ankara, ilimradi ankara iwe imevuka kiasi cha kujilipia kwa namna zote mbili na malipo hayajagonga ukomo. Daima huwa ni kiasi cha kujilipia kikizidishwa kwa fungu la mwenye mnyama, na hapa asilimia 20 ya 200 ni 40. Kwa mkataba wenye kiasi cha 500 na malipo ya asilimia 70, pengo hufika 150, na hizo si fedha za kupuuzwa.

Kwa mtazamo mwingine, kampuni inayoanza na asilimia imekipandisha kiasi cha kujilipia bila kubadilisha namba iliyochapishwa. Kwa mteja wake, ankara isiyozidi 250 haileti malipo yoyote, kwa kuwa asilimia 80 ya 250 ni 200, nazo zote huondolewa. Kiasi chake halisi basi ni 250. Mtu anayetaka kulinganisha mikataba miwili ya mitindo tofauti na agawanye kiasi cha mkataba wa pili kwa asilimia ya malipo, ndipo avipime viwili hivyo kwenye mizani moja.

Jambo zito zaidi ni lile la kila nini. Mitindo iliyoenea ni minne, na kila mmoja una mnyama unaomfaa na mnyama unaomwumiza. Katika mtindo wa kila mwaka, gharama zote za mwaka wa bima hujumlishwa, na mwenye mnyama akishafikisha kiasi chake hatozwi tena hadi mwaka mpya uanze. Mtindo huu ndio wa kawaida nchini Marekani. Katika mtindo wa kila ugonjwa kwa maisha yote, kiasi hulipwa mara moja tu kwa kila ugonjwa, na ugonjwa huo ukirudi baada ya miaka mitatu hakitozwi tena. Uingereza mtindo unaoonekana sana ni wa tatu, ambao huunganisha hiyo miwili: kiasi hutozwa kwa kila ugonjwa, na kwa kila mwaka ambao ugonjwa huo unaendelea kutibiwa. Wa nne ni wa kila dai au kila safari ya kwenda kliniki, nao huwafaa wachache mno, kwa kuwa ugonjwa mmoja wenye ziara tano unaweza kutozwa mara tano.

Tumchukue paka mwenye kisukari, anayehitaji insulini na vipimo vinavyogharimu 900 kwa mwaka kwa muda wa miaka mitano. Chini ya mtindo wa kila mwaka, kampuni hutoa 200 kila mwaka na kulipa asilimia 80 ya 700, yaani 560, na kwa miaka mitano jumla huwa 2,800. Chini ya mtindo wa kila ugonjwa kwa maisha yote, 200 huondolewa mara moja katika 4,500, na asilimia 80 ya 4,300 ni 3,440. Mwenye paka huyo amefaidika kwa 640 kwa sababu ya sentensi moja tu katika mkataba. Sasa tumtazame mbwa mchanga asiye na ugonjwa wa kudumu ila hakosi balaa: katika mwaka mmoja ameugua sikio kwa ankara ya 150, amevunjika ukucha kwa 120, na amemeza soksi iliyohitaji upasuaji wa 1,800. Mtindo wa kila mwaka hujumlisha 2,070, huondoa 200 na kulipa 1,496. Mtindo wa kila ugonjwa hauoni chochote cha kulipa katika sikio wala ukucha, kwa kuwa zote mbili hazikufika 200, na kwa soksi hulipa asilimia 80 ya 1,600, yaani 1,280. Safari hii aliyepoteza ni mwenye mkataba uliomfaa yule paka.

Ugumu ni kwamba mnyama anapokatiwa bima akiwa mdogo hakuna anayejua atakuwa paka yule au mbwa huyu. Kuna dalili za kubahatisha nazo. Aina za mbwa zinazojulikana kwa mzio wa ngozi, kwa maradhi ya nyonga au kwa matatizo ya moyo huelekea kwenye magonjwa ya muda mrefu, na kwa hao mtindo wa kila ugonjwa kwa maisha yote una mvuto, mradi ada yake isiwe imepanda kuufuta mvuto huo. Kwa mnyama wa aina isiyo na historia hiyo, mtindo wa kila mwaka ni rahisi kuuelewa na kuufuatilia, na hauzui ubishi juu ya swali ambalo mitindo mingine hulizua kila mara, yaani ugonjwa mmoja ni upi.

Swali hilo si la kinadharia. Mbwa aliyeambukizwa sikio la kushoto mwezi wa pili na la kulia mwezi wa tisa ameugua ugonjwa mmoja au miwili? Iwapo chanzo ni mzio, daktari anaweza kusema ni mmoja. Iwapo la pili limetokana na maji baada ya kuogelea, ni miwili. Mfano mashuhuri zaidi ni wa ligamenti ya goti, yaani ukanda unaoshikanisha mifupa ya goti: mbwa aliyekatika ya mguu mmoja yumo hatarini kukatika ya mguu mwingine, na mikataba mingi ina kifungu kinachozichukulia pande mbili za mwili kuwa kitu kimoja. Kifungu hicho kina makali pande zote mbili. Katika mtindo wa kila ugonjwa humwokoa mwenye mbwa asitozwe kiasi cha kujilipia mara mbili. Lakini iwapo goti la kwanza liliumia kabla ya bima kuanza, goti la pili nalo huhesabiwa kuwa tatizo la zamani na halilipiwi kabisa.

Kinachoamua mara nyingi ni maneno ya daktari katika faili la mnyama. Mnyama aliyeletwa kwa kutapika wiki hii, akaletwa kwa kuharisha wiki ijayo, na mwishowe akagunduliwa kuwa na uvimbe wa kongosho, ataonekana kwenye karatasi kuwa na magonjwa matatu hadi pale daktari atakapoandika kwamba dalili zote zilikuwa za kitu kimoja. Kumwomba daktari auandike uhusiano huo, pale ambapo ni wa kweli, ni jambo la haki, na yafaa lifanywe kabla ya dai kuwasilishwa, kwa sababu maelezo yanayoongezwa baada ya kampuni kukataa huonekana kama ya kutafutia fedha.

Sasa tuje kwenye gharama zenyewe. Kiasi cha kujilipia hakihesabiwi katika jumla ya ankara, bali katika zile gharama ambazo mkataba unazikubali. Tuichukue ankara ya mbwa wetu wa soksi kutoka kliniki nyingine, iliyoandikwa kwa kina zaidi: kumwona daktari 60, eksirei 180, vipimo vya damu 140, upasuaji 1,100, kulazwa siku mbili 240, dawa za maumivu na antibiotiki 80, dawa ya minyoo 40, chakula maalumu cha tumbo 60. Jumla ni 1,900. Mkataba wake haulipii ada ya kumwona daktari, wala kinga ya kawaida kama dawa ya minyoo, wala chakula, hivyo 160 huondolewa kabla ya jambo lolote, na gharama zinazokubalika hubaki 1,740. Mkataba ni wa kila mwaka, na mwenyewe alikwisha kuwasilisha ile ankara ya sikio ya 150; ya ukucha tuiache kando. Hakulipwa kitu kwa ankara hiyo, lakini ilihesabiwa, hivyo kiasi kilichosalia ni 50. Kampuni huondoa 50, hubaki 1,690, na asilimia 80 yake ni 1,352. Zile 548 alizozibeba mwenye mbwa zina asili tatu: 160 zisizokubalika, 50 za kumalizia kiasi cha kujilipia, na 338 za asilimia yake.

Kama asingewasilisha ankara ya sikio kwa kudhani kwamba dai lisilolipwa ni kazi bure, angeondolewa 200 nzima na kupata 1,232. Angepoteza 120 kwa kuacha karatasi moja kwenye droo. Katika mtindo wa kila mwaka, basi, ankara ndogo zote zinazokubalika zapaswa kupelekwa mapema, kwa kuwa kampuni huweka muda wa kuwasilisha madai, na risiti iliyopitwa na muda huo haihesabiwi hata kwa kukipunguza kiasi kilichobaki. Kanuni hiyo ina upande wake wa pili: fedha zilizotumika kwa chanjo, kwa kusafisha meno au kwa ugonjwa uliokuwapo kabla ya bima hazipunguzi chochote, hata zingekuwa maelfu. Gharama za ugonjwa uliojitokeza ndani ya kipindi cha kungojea, yaani siku za mwanzo wa mkataba ambazo ugonjwa bado haulipiwi, nazo ni hivyohivyo, na ubaya wake ni mkubwa zaidi, kwa kuwa ugonjwa huo huweza kuandikwa kuwa wa zamani kwa maisha yote ya mkataba.

Kuhusu mwaka wenyewe, mara nyingi ni mwaka wa bima, unaoanza siku mkataba ulipoanza, na wala si lazima uanze Januari. Kinachotazamwa kwa kawaida ni tarehe ya matibabu, si ya ankara wala ya malipo. Mnyama aliyepasuliwa wiki moja kabla ya mkataba kuhuishwa na kurudi kutolewa nyuzi na kupigwa eksirei wiki mbili baadaye ataangukia miaka miwili, na kiasi cha kujilipia kitatozwa katika kila mmoja. Kwa dharura hakuna la kufanya. Kwa upasuaji unaoweza kupangwa, ni busara kumwuliza daktari kama ni salama kuusogeza ili kazi yote iwe ndani ya mwaka mmoja. Mwenye wanyama wawili akumbuke pia kwamba kwa kawaida kila mnyama ana kiasi chake, na gharama za paka hazimsaidii mbwa.

Ukomo wa fidia unastahili sentensi chache tu. Kwa ankara ya 8,000, hesabu yetu ya kawaida hutoa 6,240, lakini kama ukomo wa mwaka ni 5,000, basi kinacholipwa ni 5,000, na hapo tofauti kati ya kiasi cha kujilipia cha 200 na cha 500 haina maana tena, kwa kuwa zote mbili huishia kwenye dari ileile.

Kuchagua kiasi kikubwa ili kupunguza ada ni biashara inayoweza kupigiwa hesabu, ingawa wengi huiamua kwa hisia. Tuseme ada ni 480 kwa mwaka kwa kiasi cha 200, na 360 kwa kiasi cha 500. Akiba ni 120 kwa mwaka. Hasara katika mwaka wenye ugonjwa mkubwa si 300, kama inavyoelekea kudhaniwa, kwa sababu asilimia 20 ya hizo 300 angezilipa kwa vyovyote vile. Hasara ni 240. Kwa hiyo kiasi kikubwa humfaa yule ambaye mnyama wake ataugua vibaya chini ya mara moja kila miaka miwili. Mbwa mchanga mwenye afya huweza kukaa ndani ya kipimo hicho kwa muda mrefu, lakini mbwa mzee mwenye yabisi ya viungo hawezi. Hapo ndipo mtego ulipo, kwa kuwa kampuni nyingi humruhusu mteja kukiongeza kiasi wakati wowote wa kuhuisha, lakini huwa nzito kukubali akipunguze mnyama akishaanza kuugua. Aliyechagua kiasi kikubwa kwa ajili ya ujana wa mnyama anaweza kukuta amekichagua kwa ajili ya uzee wake pia. Na nchini Uingereza ni kawaida kwa mikataba kuongeza asilimia ya kuchangia juu ya kiasi cha kujilipia mnyama anapofikia umri uliotajwa.

Zipo pia kampuni zinazopunguza kiasi hicho kwa hatua kila mwaka unaopita bila dai. Inavutia, lakini inamfanya mtu aipime ankara ndogo ya leo dhidi ya punguzo la kesho, na katika mtindo wa kila mwaka tumeona kwamba kuishikilia ankara ndogo kuna gharama yake.

Hata hivyo, namna fedha zinavyotoka mfukoni ina uzito kuliko hesabu hizi zote pale ugonjwa unapokuja usiku. Tofauti na bima nyingi za afya za binadamu, bima ya wanyama mara nyingi hurudisha fedha baada ya mwenyewe kuilipa kliniki ankara nzima. Mwenye mbwa wa soksi alihitaji kuwa na 1,900 siku ile, si 548. Baadhi ya kampuni huilipa kliniki moja kwa moja, na hapo anachodaiwa mteja dirishani ni kiasi cha kujilipia, asilimia yake na vile visivyokubalika. Kwa maoni yangu swali la kwanza kabla ya kuchagua kiasi chochote ni hili la njia ya malipo, kwa kuwa kiasi kidogo kilichonunuliwa kwa ada kubwa hakimsaidii mtu asiyeweza kuipata ankara nzima kwa siku chache za kusubiri kurudishiwa.

Sheria zimeanza kuyagusa haya. Jimbo la California nchini Marekani lilipitisha mwaka 2014 sheria mahususi ya bima ya wanyama, inayozitaka kampuni zimweleze mteja kanuni zinazotumia kukokotoa malipo ya dai. Mwaka 2022 chama cha wasimamizi wa bima wa majimbo yote ya Marekani kilipitisha sheria ya mfano ambayo, pamoja na mengine, inataka kampuni zitangaze wazi kama mkataba una kiasi cha kujilipia, asilimia ya kuchangia, kipindi cha kungojea au ukomo. Pale ambapo hakuna sheria ya namna hiyo, mteja anaweza kuiomba kampuni imkokotolee kwa maandishi ankara ya mfano ya 1,000. Jibu la 640 au la 600 litamwambia mengi kuliko kijitabu cha matangazo.

Dai likishaamuliwa, barua ya uamuzi nayo yafaa isomwe kwa mpangilio uleule: gharama zilizokataliwa na sababu yake, kiasi cha kujilipia kilichoondolewa na kilichobaki kwa mwaka au kwa ugonjwa huo, asilimia iliyotumika, kisha ukomo uliosalia. Makosa ya kukosa kuhesabu ankara ya awali, au ya kuutenga ugonjwa mmoja kuwa miwili, huonekana kwenye mstari wa pili. Anayepinga anahitaji vitu viwili tu mkononi, nakala ya uamuzi wa dai lililotangulia na maelezo ya daktari yanayounganisha matibabu hayo, pamoja na tarehe ya mwisho ya kukata rufaa, ambayo kwa kawaida huwa imeandikwa chini ya barua hiyohiyo kwa herufi ndogo.